Pedali Isiyoshika Kitu

Kuna watu wanaojulikana kwa sura na wengine kwa mdomo, lakini bwana huyu alijulikana kwa mguu, tena mguu mmoja tu, wa kulia. Alikuwa mwalimu wa udereva. Kwa asiyejua, gari la kufundishia huwa na pedali ya breki ya pili upande wa mwalimu, ili mwanafunzi akichanganyikiwa barabarani, mwalimu amwokoe yeye, gari, na yule bibi anayevuka na kikapu chake. Mguu wa bwana huyu ulikaa juu ya pedali hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, mpaka zikaamua kuondoka zenyewe. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi, walimu wenzake, muuza magazeti wa pale kona, hata wanawe walipotaka kumsengenya, wote walimwita Breki.

Na mguu ule ulikuwa na mambo yake. Shavu la mguu wa kulia lilikuwa nene kuliko la kushoto, na soli ya kiatu cha kulia iliisha wakati ya kushoto bado inatamba. Fundi viatu alishazoea kupelekewa kiatu kimoja. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na hapitwi na kitu kilichochakaa, alikuwa akimtilia viraka kwenye goti la kulia tu. Goti la kushoto ungeweza kulirudisha dukani na ukapokelewa. Mwenyewe alijivunia hayo yote. Akikaa na wenzake aliunyoosha mguu ule taratibu, akaupapasa, akasema nusu ya mji huu inatembea leo kwa sababu yake, na shukrani hajaiona.

Tusimwonee. Hakuwa anadanganya, alikuwa anatia chumvi tu. Gari la shule kwa miaka yote hiyo lilikuwa moja, nalo wakiliita Kikongwe. Gia zake zilikuwa za kubembelezwa na kutukanwa kwa zamu. Dirisha lake lilifunguliwa kwa koleo. Lilikunywa mafuta kama limetumwa, na moshi wake wafua nguo wa mtaani waliutambua kwa mbali wakakimbilia kuanua. Mkanda wa mwalimu ulifungwa kwa fundo. Kwa kifupi, usalama wote wa Kikongwe ulikuwa ndani ya kiatu cha kulia cha Breki, na hilo ndilo lililomfanya alipende gari lile kuliko baadhi ya ndugu zake.

Mwenye Shule alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache. Aliirithi shule kutoka kwa baba yake, ikiwa na Kikongwe ndani yake na Breki ndani ya Kikongwe, na wote wawili alikuwa akiwatazama kwa jicho lilelile. Siku Kikongwe lilipozima katikati ya mzunguko na kugoma kabisa, magari ya mji mzima yakalizunguka kama msafara wa harusi, Mwenye Shule alipanda teksi akaondoka. Alipokuja kurudi, alirudi na gari jipya.

Jipya kweli, halafu la haibridi, lenye injini ya mafuta na mota ya umeme zinazopokezana kazi. Liliingia uani kimya kimya mpaka mlinzi wa geti akaruka pembeni akidhani linateleza lenyewe. Muuzaji alikuja nalo, kijana wa suti ya kubana, akasimama mbele ya walimu akaeleza mpaka mate yakamkauka. Puani mwa gari kuna rada. Nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma kuna jicho la kamera. Viwili hivyo vinaangalia mbele muda wote, na vyote viwili vikiona gari, mtu au mbuzi amekatiza na dereva amelala, gari linafunga breki. Ukihama mstari, usukani unakurudisha. Mifuko ya hewa iko mbele, ubavuni, mpaka magotini. Ukikanyaga mafuta, mota inaisaidia injini na gari linachomoka utadhani limeitwa. Ukifunga breki, ile nguvu ambayo zamani ilipotea bure inarudi kwenye betri, ndiyo maana mafuta hayaishi. Kwenye dashibodi kuna picha ya jani la kijani. Ukiendesha kwa ustaarabu jani linanawiri, ukiendesha kihuni linanyauka. Mwenye Shule, aliyekuwa mkono wa birika tangu utotoni, alilipenda jani kuliko mengine yote.

Breki hakuwa na habari na majani. Alikuwa ameinama upande wa abiria akitazama sakafuni. Akanyanyua kapeti, akachungulia chini yake, akalirudisha, akalinyanyua tena. Kisha akauliza pedali yake iko wapi.

Yule kijana akacheka kwa adabu. Akasema breki za gari hili si za kutobolewatobolewa, mtu akizigusa kampuni inafuta dhamana papo hapo. Halafu ya nini? "Mzee wangu," akasema, "hili linajifungia breki lenyewe."

Afadhali angemtukana. Breki alisimama pale na mguu wake, akatazama lile gari lililong'aa, na moyoni akalichukia kama mtu anavyomchukia shemeji anayesifiwa na mama mkwe.

Majuma ya kwanza yalikuwa vurugu tupu. Mguu ulizoea kukuta kitu, na sasa kila ukishuka unakuta sakafu, kama vile unapodhani ngazi bado ipo kumbe imeisha. Kazi iliyoushinda mguu akaihamishia mdomoni na mikononi. Akawa anapiga kelele. Akawa anaudaka usukani. Mwanafunzi wake wa kwanza katika gari jipya alikuwa karani wa posta, dada mpole aliyekuja na shali na chupa ya maji. Alipouvuka mstari wa barabara, gari likauvuta usukani kumrudisha, naye karani akauvuta akidhani gari limeharibika, na Breki akaurukia kwa mikono miwili. Wakawa watatu wanaogombania usukani mmoja, na gari ndilo lililokuwa na akili timamu kati yao. Karani alipofika ofisini alimweleza Mwenye Shule kwamba haogopi barabara, anamwogopa mwalimu.

Akafuata muuza nyama, pande la mtu, mwenye shingo inayowatosha watu wawili. Huyo alirudi analia. Hakulalamika hata kidogo, alilia tu, na Mwenye Shule akaona hilo ni lalamiko tosha.

Akamwita Breki ofisini. Hapo inabidi niwaeleze habari ya darasa. Shule ilikuwa na chumba kimoja nyuma, chenye ubao, picha za alama za barabarani, na meza iliyochorwa barabara juu yake, na vigari vya plastiki vya kusukuma kwa kidole. Alikaa humo mwalimu mmoja mzee aliyeondolewa barabarani macho yalipopungua nguvu. Mzee yule alikwisha kuwa wa kuhurumiwa: akisukuma kigari kimoja cha njano alikuwa akitoa mlio wa injini kwa mdomo bila kujijua, na akifika njia panda analia kama honi. Alikuwa anastaafu. Kiti chake kilikuwa kinatafuta mtu.

"Nikisikia lalamiko moja tu tena," Mwenye Shule alisema, "utahamia darasani."

Breki alitoka pale akapita dirishani kwa yule mzee, akamsikia ananguruma. Nisiwafiche, aliogopa. Hakuogopa chaki wala vumbi lake. Aliogopa mahali ambapo hakuna mtu wa kumwokoa. Maisha yake yote alikuwa amejiambia jambo moja tu la maana, kwamba bila mguu wake watu wangekufa. Sasa ni nani anayekufa kwenye meza ya plastiki?

Mchana huohuo alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, nyuma ya gereji, mahali Kikongwe lilipolazwa kusubiri kukatwakatwa. Akaomba ile pedali yake ya zamani ing'olewe na springi yake, ichomelewe juu ya bati zito, bati liingie chini ya kapeti la gari jipya bila kutoboa chochote. Fundi akavua miwani yake ya kazi akamtazama.

"Niiunganishe na nini?"

"Na mguu wangu."

Fundi alikuwa ameona mengi katika maisha yake, akavaa miwani akaendelea na kazi. Pedali ikatoka safi. Ukiikanyaga inazama kwa uzito uleule wa zamani, ukiiachia inapanda. Haikushika kitu chochote duniani. Mwenye Shule alipoiona akauliza ni nini tena hicho, akaambiwa ni pa kupumzishia mguu, goti linamsumbua. Akashusha pumzi akaacha yapite.

Na hapo, amini usiamini, Breki akawa mtu mwingine. Mguu ulipata pa kukaa, na mdomo ukafunga. Mwanafunzi akisogelea lori vibaya, gari linafunga breki lenyewe, na wakati huohuo Breki anakanyaga pedali yake, kisha anageuka polepole na kuuliza, "Umeona?" Mwanafunzi, roho mkononi, anasema asante mwalimu. Mara ya kwanza Breki aliona haya kidogo. Mara ya pili akasema moyoni kwamba hajadanganya mtu, ameuliza tu swali. Baadaye hata swali hakuliuliza, alikuwa anatikisa kichwa tu kama daktari.

Uongo ukinona haukai zizini. Akaingia na kwenye jani. Muuza nyama alipoendesha taratibu mpaka jani likajaa kwenye dashibodi, Breki akamwambia jani hilo linategemea pia aliyekaa pembeni. Muuza nyama akaamini, akaenda akawaambia wateja wake wote. Karani wa posta naye akarudi, akafaulu mtihani, akaja kumshika mkono. Watu wakawa wanafika pale kaunta wakisema wanamtaka yule mwalimu mtulivu. Mtulivu! Mlinzi wa geti alicheka mpaka akakaa chini.

Balaa ni kwamba mwenyewe naye akaamini. Kile kitabu kinene cha gari alichokiacha yule kijana wa suti, kinachoeleza kila taa na maana yake, Breki alikiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya ofisi, na kweli meza ikaacha kucheza. Za nini taa, na yeye yupo? Zamani jicho lake lilikuwa linaona mpira wa mtoto kabla haujatoka uani. Sasa lilikuwa linasinzia, kwa kuwa kila alipokanyaga, gari lilisimama. Hakuna kitu kinachompumbaza mtu kama kuitikiwa kila mara.

Sasa tumwendee mkewe. Nyumbani walikuwa na gari lao, kuukuu lakini zima, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa isipokuwa Breki. Mama huyu alikuwa akishona sare za shule na kuzipeleka kwa wateja, na kila safari ilibidi amsubiri mumewe, amtazame usoni kwanza ajue upepo unavumia wapi, kisha apande pembeni yake na marobota magotini. Na yule mwalimu aliyeufundisha mji mzima kwenda pole pole, akiwa kwenye gari lake mwenyewe alikuwa mtu wa honi na hasira. Alikuwa anabana bampa ya mwenzake mpaka unasoma maneno yaliyoandikwa kwa kidole kwenye vumbi la gari la mbele. Mkewe, masikini, mguu ukawa unamponyoka. Kila lori likijaa kwenye kioo cha mbele, anakanyaga chini. Anakanyaga sakafu, akijua ni sakafu, kwa kuwa mwili haumsikilizi mtu.

Breki alikuwa akivunjika mbavu. "Unatafuta nini huko chini, Mama Watoto? Hapo hakuna pedali." Alimwambia hivyo siku wanapeleka mtoto wa kwanza hospitali, akamwambia hivyo siku wanakwenda kumpokea wa mwisho stesheni, na kila wageni wakija nyumbani aliigiza jinsi mkewe anavyokanyaga, amekodoa macho, mikono imeshika dashibodi. Wageni walicheka. Mkewe naye alicheka, kwa midomo.

Alikwisha kuomba afundishwe, si mara moja. Mara ya kwanza gari lilikuwa bovu. Mara nyingine ilikuwa mvua. Halafu likawa lile la kwamba mume na mke wakifundishana gari nyumba inavunjika, na hilo Breki alilisema kwa sura ya mtu aliyefanya utafiti. Mwisho mama akaacha kuomba, na Breki akadhani yamekwisha.

Asubuhi moja alitokea pale shuleni na viatu vya chini, amejifunga kilemba chake cha kazi, na leseni ya mwanafunzi mkononi. Akasimama kaunta kama mteja yeyote. Mwenye Shule akamtazama, akamtazama na Breki aliyekuwa amekauka mlangoni na kikombe cha chai, kisha akampangia Breki awe ndiye mwalimu wake. Labda alifanya hivyo kwa wema, labda kwa ukorofi. Mimi naona ukorofi.

Asubuhi hiyohiyo kulifanyika jambo jingine ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Mwenye Shule, aliyevimba kichwa kwa sifa za waliofaulu, alikuwa ametengenezesha stika kubwa nyekundu yenye jina la shule, na mlinzi akaibandika kwenye kioo cha mbele cha gari jipya, juu, katikati kabisa, mahali ambapo mji mzima ungeiona. Ilikaa vizuri sana. Ilikaa barabara mbele ya jicho la kamera.

Wakapanda. Mama akasogeza kiti, akapima kwa jicho, akakisogeza tena kidogo, akarekebisha vioo, akafunga mkanda na kuuvuta kama anayepima kiuno cha mteja. Breki alikuwa ameanza kumweleza habari za klachi, ndipo akakumbuka gari lile halina klachi. Mkewe akagusa mafuta. Mguu uliozoea cherehani ya umeme, unaojua kuteremka mshono mmoja mmoja penye kona ya kola, uliliondoa gari lile kwa ulaini usioweza kumwaga hata glasi ya maji. Wakatoka getini. Jani likanawiri, likachipua na kitawi cha pili ambacho Breki hakuwahi kukiona. Akasubiri kosa. Akasubiri mpaka kwenye taa za kwanza, mpaka kwenye mzunguko, na kosa halikuja, na jambo hilo likamuudhi sana.

"Kuna taa ya njano hapa," mkewe akasema. "Inasema kamera haioni."

Breki akasema hizo ni mbwembwe za magari ya kisasa, aendeshe. Walipofika njia panda mama akaitaja tena ile taa. Breki akamuuliza nani mwalimu ndani ya gari hili, kisha, kwa kuwa alijiona amekuwa mkali, akalegeza sauti na kugonga pedali yake kwa ncha ya kiatu. "Usiogope. Mimi niko hapa."

Mkewe aliitupia jicho ile pedali. Akanyamaza, kama anavyomnyamazia mteja anayemwambia kiuno chake hakijaongezeka.

Waliingia mtaa wa maduka, ule mwembamba wenye famasi upande mmoja na kinyozi upande wa pili, na kati yao kichochoro. Kutoka kichochoroni ukaanza kutokea mkokoteni, kinyumenyume, umelundikwa magodoro mpaka msukumaji mwenyewe haonekani. Breki aliuona. Enzi za Kikongwe angekwisha kupiga ukelele mtaa mzima ukageuka. Safari hii hakufungua mdomo. Alitaka mkewe aone. Alikanyaga pedali yake kwa madaha ya mtu aliyezoea kutiiwa, akasubiri gari lifunge breki.

Gari halikufunga kitu. Magodoro yakaendelea kukua kwenye kioo. Breki akakanyaga tena, kwa nguvu, kisha kwa mguu wote na goti na nyonga na miaka yake yote ya kazi, na springi ikakatika kwa mlio, pedali ikaruka, ikagonga chini ya dashibodi na kumwangukia mapajani.

Wakati huo gari lilikuwa limekwisha kusimama. Mikanda iliwarudisha vitini. Godoro la juu kabisa likainama taratibu likalala juu ya boneti, na nyuma ya magodoro akachomoza msukuma mkokoteni, mzima, salama, akawaeleza anavyowafikiria wao, gari lao na mama zao, bila kurudia neno. Kisha akachukua godoro lake akaenda zake.

Mama alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili. Mguu wake ulikuwa juu ya breki, breki ya kweli. Akatazama mapajani mwa mumewe.

"Nani amefunga breki?" akauliza.

Breki akaigusa springi iliyokatika.

"Wewe," akasema.

Mama akaegesha pembeni, akaichukua ile pedali akaigeuza chini juu, kama anavyogeuza nguo ndani nje kutafuta mshono. Hakuona waya. Hakuona mpira. "Haikushonwa popote," akasema. Hapo Breki akatapika yote: kijana wa suti, sakafu tupu, karani, darasa, kigari cha njano, lalamiko moja tu. Alisema mpaka akajionea huruma mwenyewe. Mkewe hakumwonea. Alikuwa na hasira, na aliisema bila kupandisha sauti: "Ningeua mtu, Baba Watoto. Na wewe umeona, ukanyamaza."

Walirudi shuleni, mama akiendesha, na jani lao likinawiri kwa dharau.

Mwenye Shule alikuwa getini anawangoja, na kitabasamu ambacho hakuwa nacho siku za kawaida. Breki alishuka ameificha pedali mgongoni kama mtoto aliyevunja sahani. Kutoka dirisha la nyuma alisikia gari la plastiki likinguruma.

"Haya mama," Mwenye Shule akasema, "kuna lalamiko?"

Mama akachukua mkoba wake, akakung'uta sketi, hakuwa na haraka. "Lipo," akasema. Breki akafumba macho. "Stika yako imeziba jicho la gari. Taa ya njano imewaka njia nzima, na gari halikuona mkokoteni."

Mwenye Shule akageuka kutazama kioo. Akatazama stika, akatazama mahali kamera ilipo, na lile tabasamu likaenda lilikotoka. Akamtuma mlinzi alete wembe na maji ya moto, upesi. Kisha akakumbuka. "Na mwalimu je?"

"Mwalimu nitamlalamikia nyumbani."

Basi. Akaponea hapo, si kwa mguu. Wakati mlinzi anabandua ile stika vipande vipande, Breki alikwenda ofisini akakivuta kile kitabu kinene chini ya meza, na meza ikaanza tena kucheza.

Jioni gari lao kuukuu lilikuwa limeegeshwa nje ya ukuta. Breki alitoa ufunguo kama kawaida. Mkewe akanyoosha kiganja. Walisimama hivyo kidogo, watu wakiwapita. Leseni ya mwanafunzi anayo, mwalimu yupo, sheria haina shida. Shida ilikuwa ya mtu mmoja tu, na leo mtu huyo hakuwa na mdomo. Akampa. Akazunguka mbele ya gari kwenda upande wa pili, akafungua mlango wa abiria, na ndipo alipogundua kwamba tangu alinunue gari hilo hajawahi kukaa kiti kile. Kwenye mfuko wa mlango palikuwa na futi ya kupimia, chaki ya kitambaa, na pini zilizochomwa kwenye kipande cha sponji. Akakaa kama mgeni.

Wakaondoka. Mbele, kabla ya kona, lori la mchanga likapunguza mwendo ghafla, na mguu wa Breki ukashuka wenyewe, kama kawaida yake. Ulizama.

Akainama kutazama. Kapeti mahali pale lilikuwa limetoboka. Kulikuwa na shimo, kingo zake zimechakaa nyuzi nyuzi, na ndani ya shimo bati la gari lilikuwa limesuguliwa rangi ikaisha, linang'aa. Nyuma kidogo palikuwa na alama ya kisigino. Shimo lilikuwa la mguu mdogo kuliko wake, mguu wa kike. Breki anajua soli inavyokwisha, ana viatu vya ushahidi. Alijua kitu hakichakai hivyo kwa safari moja wala mia. Lori lilikuwa mbali bado, mkewe alikwisha kusimama nyuma yake kwa nafasi ya kutosha gari jingine kupita. Lakini kiatu chake kilibaki mle shimoni.

"Unatafuta nini huko chini, Baba Watoto?" mkewe akauliza, macho yakiwa barabarani.

Breki alijaribu kucheka kama alivyozoea kucheka hapo. Kicheko hakikutoka.

"Nilikuwa naendesha hivyo?" akauliza.

Mkewe akawasha taa ya kukata kona.

"Hilo ni kapeti la pili," akasema. "La kwanza nililitia viraka mpaka likakataa sindano."